Programu za Ráhel kwa Ajili ya Mtu Mmoja

Vincze Ráhel hakuchaguliwa kwa kura kuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa kanisa letu hapa kijijini Szilvád. Bibi Borbála alisema amechoka na uenyekiti, wote tukainamisha vichwa kana kwamba tunaomba, na Ráhel peke yake akabaki kichwa juu kwa sababu alikuwa anakata keki. Bibi Borbála akamwona, yakaisha. Kwetu viongozi hupatikana hivyo, na hatujawahi kujuta sana.

Alikuwa mpishi wa chekechea mpaka alipostaafu. Mumewe, fundi wa matrekta, alifariki mapema, na mtoto hawakujaliwa. Mtu aliyezoea kupikia watoto wa kijiji kizima sasa alikuwa anajipikia sufuria moja ya supu na kuila wiki nzima. Mimi ni jirani yake, dirisha langu la jikoni linatazamana na lake, na nasema nilichokiona: alikuwa anakula amesimama, bakuli mkononi. Iliniuma, lakini utamwambia nini mtu mzima.

Mwanzoni hakubadilisha kitu. Tulisoma Biblia, tukaimba zaburi, tukanywa chai, tukawasema watu, jambo ambalo kwenye taarifa ya mwaka tunaliita maombezi. Programu zilianza mwezi wa kumi, aliporudi Judit.

Judit ni mdogo wake Ráhel, tumbo moja. Alikuwa Austria miaka mingi akiwahudumia wazee wa watu: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Bibi wa mwisho aliyemhudumia alipofariki, akarudi kwenye nyumba ya marehemu mama yao, mwisho wa kichochoro chetu. Alisema anapumzika tu. Wakala wa kazi hizo alikwisha kumwambia kwamba baada ya sikukuu za Krismasi kuna mzee mwingine hukohuko, mjini Graz, na lile gari dogo linalobeba wahudumu lingempitia mlangoni.

Jumapili ya kwanza Judit alikuja kanisani akakaa alipokuwa akikaa mama yao, benchi la tatu, upande wa ukutani. Ole wake. Kwetu kila mwanamke ana mahali pake kanisani, na pakiachwa na marehemu panarithiwa kama shamba. Pale palikuwa pa Etelka, mke wa kaka yao. Etelka ndiye aliyemuuguza yule mama hadi mwisho, wakati Judit anaogesha mama za watu ng'ambo, basi palikuwa haki yake, sibishi. Lakini namna alivyoidai! Alisimama pembeni ya benchi, kitabu cha zaburi kifuani, kimya, macho mbele. Kinanda kikaanza, tukaimba ubeti wa kwanza, wa pili, Etelka bado amesimama kama mlingoti. Judit akaelewa. Akainuka, akaenda kukaa nyuma kabisa, wanakokaa wageni wa harusi na wakaguzi wa paa. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Ráhel hakumgombeza Etelka. Hakumwambia Judit neno pia. Alikuja kwangu, akakaa, akasema kwamba umoja wetu umelala na unahitaji programu mpya. Nikamtazama. Shoga yangu huyu hajui kudanganya. Masikio yanamwiva mekundu. Alitaka kupata sababu ya kumtoa mdogo wake nje ya ile nyumba, ili aone kwamba hapa bado pana watu, ili gari la wahudumu lije likute mlango umefungwa. Basi nikasema, haya, tuanze.

Ya kwanza ilikuwa jioni ya vyakula vya wanawake wa Biblia. Kila mmoja achague mwanamke, apike chakula chake, aeleze maisha yake. Kwetu mtu haangalii maelekezo. Sara alileta keki ya plamu, Ruthu akaleta keki ya plamu, na malkia wa Sheba, ambaye ni Bibi Borbála, akaleta keki ya plamu yenye mbegu za popi kwa kuwa yeye ni malkia. Ráhel alikuwa Rebeka, akapika zile dengu za mwanawe, zikaungua. Tulicheka mpaka mama mchungaji akafungua koti. Judit hakuja, tukampelekea keki.

Ikafuata jioni ya mazoezi ya viungo kwa waliozidi sitini, ambayo Bibi Borbála aliianza kwa kukaa kitini na kuimaliza kwa kukoroma. Judit alituma salamu. Tukafuma soksi za watoto wachanga wa hospitali ya wilaya; tulimpelekea sufu, akatuma soksi nzuri kuliko zetu, zikapitishwa juu ya uzio wake. Karibu na Krismasi Ráhel akatangaza jioni ya biskuti za Kiaustria, na mtu mwenye akili angejua nani atafundisha. Judit akaoka biskuti sinia nzima, akazipitisha juu ya uzio. Tulizila bila mwalimu. Etelka alikula nyingi kuliko wote na kusema zimekosa chumvi.

Ráhel alirudi nyumbani jioni ile ameinamisha kichwa. Aliniambia kwamba hana tena cha kubuni, na kwamba mwezi wa kwanza ukiisha atakuwa anatazama kichochoro kitupu. Nilimuuliza kwa nini asiende tu kwa Judit akamwomba abaki. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Mtu mzima haombwi, Lídia," akasema. "Anakaribishwa."

Hilo ndilo tatizo letu, watu wa Szilvád. Tunasoma "ombeni, nanyi mtapewa" kila mwaka, na hakuna anayeomba hata kiberiti. Tunapeana vyakula tukitumaini mwenzetu ataelewa.

Kisha Mungu akatuletea harusi. Binti wa mchungaji alikuwa anaolewa mwezi huo wa kwanza, kabla ya Kwaresima, na harusi ya kwetu haiwi bila supu ya kuku yenye tambi za konokono. Hizi hazinunuliwi dukani. Unga unakandwa kwa mayai matupu, unasukumwa, unakatwa vipande vidogo vya mraba, na kila kipande kinasokotwa kwa kijiti juu ya kibao chenye mistari hadi kifanane na gamba la konokono. Ni kazi ya wanawake wengi na mchana mzima. Na mwanamke aliyealikwa kusokota tambi za harusi hawezi kukataa, maana kukataa ni kumtakia bibi harusi mabaya. Hata mwenye mafua huja, anafunga kitambaa mdomoni.

Ráhel alimshawishi mama mchungaji kwamba jiko lake ni dogo, kazi ifanyike nyumba ya usharika, chini ya umoja wetu. Halafu akamtuma bibi harusi mwenyewe kwa Judit, na kikapu cha mayai.

Judit alikuja. Aproni safi, nywele zimefungwa, mikono imekunjwa kifuani. Ráhel ndiye aliyepanga watu mezani, na nilipoona mpango wake niliacha kupumua. Alimweka Judit akate unga, na Etelka kando yake asokote. Mkataji akikawia, msokotaji anakaa bure. Msokotaji akikawia, vipande vinakauka na unga unatupwa. Hata mkichukiana, lazima mwende pamoja.

Tuliimba zaburi mbili bila wao wawili kusemezana. Kisha Etelka akainua kipande kimoja kwa vidole, akakionyesha meza nzima.

"Huko Austria hii mnaiita tambi? Hapa kikubwa hivi tunajifunika nacho tukilala."

Judit aliendelea kukata. "Nilivitazama vidole vyako, wifi," akasema taratibu, "nikaona nikuhurumie."

Bibi Borbála ndiye aliyeanza kucheka, na akicheka yule huwezi kujizuia. Etelka alijikaza, akashindwa. Tangu hapo walitupiana maneno mchana kutwa, na vipande vikawa vidogo mpaka nikahitaji miwani ya pili. Mama mchungaji akamimina pombe ya plamu, kidogo, kwa ajili ya vidole. Tulipokuwa tunafuta meza nikamsikia Etelka, akiwa amegeukia dirisha ili isionekane kwamba anasema jambo zuri:

"Jumapili njoo mapema. Lile benchi linatosha wawili tukibana matako."

Judit akasema asante. Ráhel alikuwa anaosha vibao. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa furaha, na njiani kurudi aliimba. Alisema amemaliza, mahali pamepatikana, Judit atakaa.

Kesho yake tulimpelekea Judit fungu lake la tambi, maana kila msokotaji hupewa la kwake. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya kitanda cha mama yao palikuwa na sanduku kubwa, limejaa nusu, na Judit alikuwa anakunja sweta.

Ráhel aliweka tambi mezani. Alisema kwamba Etelka amempa nafasi. Judit akasema ndiyo, amefurahi, Etelka si mtu mbaya. Ráhel akasema kwamba wiki ijayo kuna programu ya nyimbo za zamani. Judit akasema vizuri, na akachukua sweta nyingine.

Hapo nilichoka, nikasahau adabu. Nikamfinya Ráhel mkono kwa nguvu hadi akaruka.

"Usiende," Ráhel akasema.

Judit aliacha kukunja.

"Usiende, Judit. Naomba. Nakula nimesimama jikoni kama farasi. Zile programu zote zilikuwa zako. Dengu niliziunguza kwa kuchungulia dirishani kama unakuja."

Judit alikaa kitandani, kando ya sanduku. Alilaza sweta mapajani, akazungumza bila kumtazama yeyote kati yetu.

"Kule wazee waliosahau hata majina ya watoto wao walinishika mkono kila jioni wakaniambia usiondoke. Hapa mmenipa keki, mmenipa sufu, mmenipa mayai. Tangu mwezi wa kumi nangoja mtu aseme hivyo, dada. Nikadhani mnanipa vya safarini."

Ráhel alilia kwa sauti, pua na macho, na mimi nikalia kwa kuwa nipo. Judit hakulia. Alitafuta simu chini ya nguo, akaipigia ofisi ya wakala, akazungumza Kijerumani kwa haraka huku amesimama wima kama yupo mbele ya bosi. Hatukuelewa neno hata moja ila jina la kijiji chetu, alilolitaja, kisha akalirudia polepole kwa yule wa upande wa pili ambaye bila shaka alikuwa hajawahi kulisikia.