Kijani Chini ya Bamba

Siku ya kwanza kazini niliharibu ndege. Nalisema mapema, vijana, msije mkadhani mzee huyu alizaliwa fundi.

Nilikuwa nimepuliza rangi magari Nairobi miaka thelathini kabla ya kumfuata binti yetu huko Sydney, Australia, na corona ilikuwa imeshaingia. Nikapata kazi kwenye hanga moja la ndege upande wa Campbelltown, walikokuwa wakifufua ndege ya kivita ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Fundi mkuu, Mwaustralia wa maneno machache, alinionyesha ubavu wa ndege akasema, "Safisha hapa." Basi mimi nikasafisha! Nilipiga msasa mpaka alumini ikang'aa kama sufuria ya Krismasi.

Aliporudi aliketi juu ya sanduku la vifaa. "Rangi iko wapi?"

"Nimeitoa yote, mkuu," nikajibu kwa majivuno.

Kumbe nilitakiwa kufuta vumbi tu. Kazi ile msasa hupigwa kiduara kidogo, taratibu, tabaka za rangi zijitokeze moja moja, na ile ya chini kabisa ndiyo ushahidi wa rangi ya vita, nayo ilikuwa imebaki kwenye ubavu ule tu. Tulijua ilikuwa kijani, lakini kijani kipi? Mwenye ndege alikuwa bibi wa miaka tisini na kitu, mgonjwa, na alichotaka ni kuiona kabla hajafa, ikiwa na rangi ileile iliyokuwa nayo baba yake alipoirusha vitani. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze.

Wiki hiyohiyo tukafungiwa majumbani kwa ajili ya corona. Sisi tuliokaa mtaa wa Guildford hatukuruhusiwa kwenda mbali. Nikakaa nyumbani najilaumu.

"Baba Wambui, chai inapoa," mke wangu ananiambia, nami hata simsikii.

Asubuhi moja nikakumbuka gereji. Gari la wizi hupakwa rangi upya, lakini mnunuzi mjanja huinua mpira wa mlango aione rangi ya kwanza, kwa sababu huko chini hakuna anayejisumbua kupaka. Nikampigia fundi mkuu, aliyeishi karibu na hanga. "Mkuu, lile bamba la kiraka juu ya bawa, lilipigiliwa wakati wa vita?"

"Ndiyo."

"Lifungue, tafadhali."

Akalifungua huku simu ikinionyesha. Ribiti zilizolishikilia zikatoka: ya kwanza, ya pili, ya kumi. Bamba likatoka, na chini yake kijani! Kizito, hakijaguswa na jua. Mke wangu akapiga vigelegele. Mimi, jamani, nililia kwa faraja.

Tulipofunguliwa nilichanganya rangi siku nne mpaka ikalingana. Haikung'aa hata kidogo, maana rangi ya kujificha iking'aa inamwita adui. Duara za utambulisho tukaziacha bila nyekundu katikati, kama zilivyokuwa vitani, ili wanajeshi wenzao wasidhani ni ndege ya Wajapani, waliochora duara jekundu.

Bibi akaletwa kwa kiti cha magurudumu, barakoa usoni. Akatazama muda mrefu. Kabla hatujamzuia akaweka kiganja ubavuni, na rangi haikuwa imekauka. Alama za vidole vyote vitano zikabaki pale.

"Baba," akasema.

Alipoondoka, fundi mkuu akanigeukia. "Turekebishe?"

"Hapana, mkuu. Iache."

Mwezi uliofuata nilistaafu. Kasoro nilizoacha kazini ni nyingi, lakini hiyo niliiacha kwa kupenda.