Punje ya Kalsiamu Niliyoila

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, katika ua wa Mwalimu Samweli pale Rugenge, wakati wa uasi. Shule ilikuwa imefungwa na chaki hakuna, lakini yeye hakukubali tukae bure. Alitufundisha kemia, mimi na jirani yangu Furaha, kwa punje za mahindi ya kukaanga juu ya mkeka. Siku hiyo angemchagua mmoja wetu ampe barua ya kuingia shule ya masista kule Bujumbura. Nafasi ilikuwa moja tu.

Akaipanga kalsiamu, kila punje ikiwa elektroni moja: elektroni ishirini, yaani mbili, nane, nane, na mbili za mwisho pembeni. Akaingia ndani kutafuta kalamu. Furaha akaenda kunywa maji. Na mimi, ambaye sikuwa nimetia kitu tumboni tangu jana, nikaokota punje moja ya pembeni nikaila. Ilikuwa tamu, sitakudanganya.

Mwalimu akarudi, akaweka karatasi gotini na kumuuliza Furaha kalsiamu hutoa elektroni ngapi. Furaha akatazama mkeka, akajibu moja. Mimi nikasema mbili, inabaki na kumi na nane, na ioni yake ina chaji mbili chanya. Ningekosaje, na ya pili iko tumboni mwangu? Mwalimu akaanza kuandika jina langu. Furaha akainama, machozi yakimdondoka, nami nikashindwa kuvumilia.

“Mwalimu, ni minye nilikula ile ya pili.”

Aliweka kalamu chini. “Njaa ninaielewa, hata minye niko nayo. Lakini weye ulimuona mwenzako anaanguka, ukanyamaza.”

Akamuuliza Furaha habari za magnesi, bila mahindi. Furaha akajibu papo hapo: nayo hutoa mbili, kama kalsiamu na ndugu zake wote wa safu ile kwenye jedwali la elementi. Barua ikapata jina lake. Nililia mimi sasa. Mwalimu akakusanya punje zote za mkekani, akanimiminia viganjani, akaniambia nile, kesho nirudi. Nilirudi kwa miaka miwili, na ualimu wangu wote umetoka katika ua ule. Namshukuru mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikosea sema mapema, kabla mwenzako hajaadhibiwa kwa ajili yako, hata kama utapoteza ulichokitamani sana. Mungu akujalie mtu wa kukukemea na kukulisha siku hiyohiyo.