Bi Tanzia na Dada wa Ng'ambo

Mwanamke huyu alisoma matangazo ya vifo katika redio ya umma kwa miaka mingi, hata watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Bi Tanzia, naye akaitika. Hakuwa mtu wa huzuni. Alipenda masihara, na jikoni kwake chungu hakikutoka mekoni bila hadithi mbili tatu. Ila Mungu alimjalia sauti nzito, ya taratibu, inayoshuka mwishoni mwa kila sentensi kama vile kuna jambo limekwisha na halirudi tena. Akisema "habari za asubuhi," aliyesalimiwa hutafuta kwanza mahali pa kukaa.

Muuza nyanya wa pale kona, akiulizwa bei na Bi Tanzia, hushusha bila kuombwa, kisha husema pole. Binti yake Bi Tanzia, aliyeolewa mji mwingine, alimsihi asimpigie simu, amtumie ujumbe tu, maana kila akisikia "mwanangu" huanza kufunga mizigo ya kwenda msibani. Hata mumewe, fundi wa majokofu, alimjua kwa sauti kabla ya sura. Alimsikia akitangaza kifo cha mjomba wake, akalia mpaka akashiba, halafu akaenda redioni kutoa shukrani, na huko ndiko yalikoanzia mengine. Siku ya harusi, bibi harusi alipotamka "nimekubali," upande wa mume waliangua kilio. Upande wa mke, ambao walikwisha kumzoea, waliwagawia leso.

Maisha yakaenda hivyo, mpaka Mkurugenzi wa shirika aliporudi kutoka mkutano wa watangazaji wa umma ng'ambo.

Alirudi na makubaliano ya ushirikiano. Kituo chake sasa kilikuwa na kituo dada, katika nchi ya baridi ambayo wafanyakazi wengi waliitafuta kwenye ramani ya mapokezi wasiione, kwa sababu ramani ile ilikatwa juu ili iingie kwenye fremu. Vituo hivyo viwili vingebadilishana vipindi, na kila mwaka vingeungana kusaidia wahitaji. Kubadilishana vipindi kulikuwa kumekwisha kuanza. Kituo dada kilileta kipindi cha namna ya kuondoa theluji mlangoni, kikatafsiriwa, kikarushwa kila Jumanne, na wasikilizaji wakakizoea kiasi kwamba siku kilipokosekana walipiga simu kulalamika. Sisi wa huku tukawapelekea kipindi cha kilimo cha umwagiliaji. Walituandikia kwamba kinawasaidia sana kupata usingizi.

Kuhusu wahitaji, Mkurugenzi alitangaza kwenye kikao kwamba vituo vyote viwili vitachangisha vifaa vya kusikia, vile vya kuvaa sikioni, kwa ajili ya watoto wa shule ya wasiosikia vizuri, iliyo nyuma ya soko kuu.

Mtunza stoo akanyoosha mkono. "Bosi, samahani. Redio iwachangishie watu ambao hawaisikii?"

"Ndiyo sababu tunawachangishia," alisema Mkurugenzi. "Wakishasikia, watatusikiliza."

Kikao kikaishia hapo, watu wakaenda kunywa chai.

Kazi ya kuzindua mchango alipewa mtangazaji wa asubuhi, aliyeitwa Chiriku, kijana mwenye maneno ya kuruka ruka na kicheko cha kukodi. Chiriku aliandika tangazo lake mwenyewe, akaliremba kama alivyojua. Lakini asubuhi ya uzinduzi aliamka hana sauti. Alifika studio akiwa na shali shingoni, akifungua mdomo panatoka upepo mtupu. Watangazaji wengine walikuwa uwanjani kwenye mechi. Kwenye studio ya jirani alikuwapo Bi Tanzia peke yake, amemaliza vifo vya asubuhi, anakunywa maji.

"Mama, tusaidie," alisema Mkurugenzi. "Soma tu kama lilivyoandikwa. Na uchangamke kidogo."

Bi Tanzia akakaa sawa, akatabasamu kwa nguvu zake zote, tabasamu ambalo kwenye redio halionekani, akasoma:

"Wasikilizaji wapenzi. Dada yetu wa ng'ambo hayuko mbali nasi tena. Leo yuko mahali pazuri zaidi. Yuko mioyoni mwetu. Tunawaomba ndugu, jamaa na marafiki mjitokeze kwa wingi katika viwanja vya shirika, kila mmoja na chochote alichojaliwa."

Fundi mitambo, ambaye mkono wake ulikwisha kuzoea kwamba baada ya sauti ile hufuata muziki wa maombolezo, akabonyeza muziki wa maombolezo.

Haikuchukua muda. Wa kwanza kufika getini alikuwa mama mmoja na binti zake, wamejifunga vitambaa vyeusi kichwani, wamebeba mkeka. Wakamshika mlinzi mikono, wakamwambia ajikaze. Mlinzi hakujua anajikazia nini, lakini kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshika mikono kazini, machozi yalimtoka. Basi waliokuja nyuma yao walipomwona mlinzi analia, wakajua mambo ni mazito. Wakaleta viti. Kuna aliyeleta turubai, na wanaume wanne ambao hawakujuana walilifunga kwenye mlingoti wa bendera. Kufika adhuhuri uwanja ulikuwa umejaa, na mazungumzo ya chini chini yalikuwa yanaendelea juu ya marehemu, kwamba alikuwa dada wa Mkurugenzi, kwamba aliishi ng'ambo, kwamba alikuwa na roho nzuri.

Mkurugenzi alitoka kuangalia. Watu kadhaa walimkumbatia. Alirudi ndani suti imelowa begani.

"Isomwe taarifa ya kukanusha," aliagiza. "Sasa hivi."

"Nani aisome?" aliuliza fundi mitambo.

Kanuni za shirika zilisema wazi: aliyesoma kosa ndiye anayesoma masahihisho. Bi Tanzia aliomba asamehewe. Alisema, "Bosi, mimi nikikanusha ndiyo nazika kabisa." Lakini Mkurugenzi alikuwa amesimamia kanuni tangu ujana wake, na hakuona sababu ya kuziacha siku hiyo.

"Shirika la Utangazaji," alisoma Bi Tanzia, "linapenda kuwajulisha wasikilizaji wote popote pale walipo kwamba hakuna msiba. Dada yetu wa ng'ambo anawasili kesho asubuhi kwa ndege. Tunawashukuru kwa upendo wenu."

Uwanjani, mama wa mkeka aliinamisha kichwa. "Mwili unakuja kesho," aliwaeleza waliokuwa mbali na redio. Na wale waliokuwa bado majumbani, wakisikia shirika linasema hakuna msiba kwa sauti ile, walisema lisemwalo lipo, wakachukua mashuka yao wakaja.

Bi Tanzia hakutoka studio mpaka jioni. Aliona aibu iliyomfanya masikio yapate moto. Alimwambia fundi mitambo kwamba ataacha kazi aende akauze maji ya barafu kwenye majokofu ya mumewe, biashara ambayo haihitaji mtu kusema kitu. Fundi akamwambia wateja watayanunua wakilia. Hapo wakacheka wote wawili, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, hakuna madhara yaliyotokea.

Ni kweli kwamba dada wa ng'ambo alifika kesho yake. Kituo dada kilikuwa kimemtuma mkuu wa kitengo chake cha misaada na ushirikiano, mwanamke mrefu mwenye miwani na koti la mvua, kuja kushuhudia uchangishaji. Dereva wa shirika aliyekwenda kumpokea alimweleza mkalimani kwamba shirika lina watu kidogo uwanjani. Gari lilipoingia getini, umati wote ulisimama. Wanaume wakavua kofia. Vijana wenye nguvu wakaenda moja kwa moja nyuma ya gari, wakafungua buti, wakakuta begi la nguo na katoni ya kalenda za kituo dada. Walilitoa lile begi kwa heshima zote, wanne wanne, wakaliweka mezani chini ya turubai.

Mgeni aliona kwamba katika nchi hii wageni hupokewa kwa taadhima. Mkurugenzi, jasho linamtiririka, alimwambia kwamba ndivyo ilivyo.

Pengine yangeishia hapo, lakini mama wa mkeka alimsogelea mgeni, akamshika mkono, akasema, "Pole sana, mwanangu. Marehemu alikuwa nani wako?"

Mkalimani, ambaye alilipwa kutafsiri na si kuuliza maswali, alitafsiri.

Mgeni alimtazama yule mama, akautazama umati, halafu miwani yake ikaanza kuingia ukungu. Kwa maana alikuwa na marehemu wake. Wazo lote la vituo hivi viwili kushirikiana lilikuwa la fundi mmoja mzee wa kituo dada, mtu aliyepoteza usikivu wa sikio moja kwa sababu ya kuvaa spika za masikioni ujana wake wote, na ndiye aliyesema vichangishwe vifaa vya kusikia. Alifariki mwanzoni mwa majira ya baridi. Wenzake walisimama kimya kwenye ukumbi kwa dakika moja, kisha wakaingia kwenye kikao kilichohusu maegesho ya magari. Huyu mwanamke aliingia nao, akachangia hoja, wala hakulia. Alifikiri, alimweleza yule mama kupitia mkalimani, kwamba habari zake hazikuwa zimefika huku.

"Zimefika," alisema mama wa mkeka. "Jana tulitangaziwa. Kaa chini."

Mgeni akakaa mkekani, akihangaika na mahali pa kuiweka miguu yake mirefu, akasimulia. Mzee yule alikuwa akijaribu vipaza sauti kwa kuimba, na aliimba vibaya mno. Alimwekea mfagizi kiti studio ili asikilize taarifa ya habari ameketi. Alikuwa akimwita yeye "binti" hata mbele ya mabosi. Kila mkalimani alipomaliza sentensi, uwanja uliguna. Sehemu ya kuimba vibaya ilipofika, watu walicheka huku wakilia, kama inavyokuwa msibani.

Wakati huo Bi Tanzia alikuwa amejikaza, ametoka kuja kuomba radhi kwa wote. "Jamani," alianza, na kwa neno hilo moja safu tatu za mbele ziliangua kilio. Akafunga mdomo.

"Ndiyo sauti iliyosoma tangazo la jana," mkalimani alimwambia mgeni.

Mgeni akamwomba Bi Tanzia jambo moja. Je, angeweza kumsomea yule mzee tangazo lake, kwenye redio, kama anavyosomewa mtu wa kwao? Mkurugenzi alitaka kusema kwamba kanuni haziruhusu tanzia ya mtu asiye mwananchi. Bi Tanzia alimtangulia. "Nitamsoma," alisema. "Huyu angalau amefariki kweli."

Akaingia studio, akamsoma. Alitaja kazi yake, sikio lake moja, kiti cha mfagizi, na binti aliyemwacha. Kituo dada kiliunganishwa moja kwa moja, na inasemekana huko nako, katika ofisi zile zenye madirisha mawili mawili kwa ajili ya baridi, watu ambao hawakuelewa hata neno moja waliacha chai zao zikapoa. Fundi mitambo alibonyeza muziki wa maombolezo, na safari hii hakuna aliyemlaumu.

Kufa kufaana. Rambirambi ilijaza ndoo za wafagizi, ikatosha vifaa vya kusikia vya shule nzima na betri zake. Mkurugenzi aliandika katika taarifa yake kwamba mradi uliwagusa wananchi. Taarifa ile ikasambazwa kwenye mkutano uliofuata wa watangazaji, na baada ya muda mfupi vituo viwili vingine vya ng'ambo viliandika kuuliza utaratibu wa kufiwa ukoje, na kama unaweza kufanyika kabla ya mwisho wa mwaka wa bajeti. Mkurugenzi alikuwa tayari.

"Bosi," alisema Bi Tanzia, "mimi sisomi mtu mzima wa afya." Hapo aligoma kabisa, na kwa kuwa aligoma kwa sauti ile, Mkurugenzi alijikuta anamwomba msamaha.

Siku ya kukabidhi vifaa, Bi Tanzia alipelekwa shuleni ili awe wa kwanza kuzungumza na watoto. Njia nzima alikuwa na wasiwasi. Alimwambia dereva si haki, mtoto asubiri miaka yote hiyo kusikia, halafu aanze na yeye. Darasani wauguzi walikwisha kuwavalisha watoto vile vifaa. Walikuwa wametulia, macho pima, kila mmoja ameshika ukingo wa dawati.

"Habari za asubuhi, wanangu," alisema Bi Tanzia.

Mwalimu mkuu, msikilizaji wa siku nyingi, aligeukia ukutani akatoa leso. Lakini msichana mmoja wa safu ya mbele aligusa sikio lake, akamtazama Bi Tanzia, akacheka. Akacheka na wa pembeni yake. Hawakuwa wamewahi kusikia tangazo la kifo la mtu yeyote, na sauti ile kwao ilikuwa sauti tu, nene, inayotikisatikisa, inayotekenya ndani ya sikio. Mara darasa zima likawa linacheka, na wengine wakamfanyia ishara ya mkono, ambayo mwalimu aliitafsiri bila kugeuka: "Wanasema endelea."

Bi Tanzia hakuwa amejiandaa na zaidi ya salamu. Akavuta kiti. Akawasimulia juu ya jokofu ambalo mumewe alilitengeneza likawa linachemsha maji, na mteja aliyelikataa kisha akarudi kulidai. Alisimulia mpaka kengele ya chakula cha mchana ikalia, nayo watoto wakataka waisikie mara mbili.

Alifika nyumbani amechelewa, mumewe amekwisha kula na yuko chini ya friji ya jirani, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Walilia sana?" aliuliza mumewe kutoka chini huko.

"Walicheka."

Bisibisi ikasimama. "Wewe ukiwa unasema?"

"Mimi nikiwa nasema," alisema Bi Tanzia, akaenda jikoni kuangalia alichobakiziwa.