Matusi Yangu kwa Kifaransa

Aibu niliyoipata siku ile, jamani, mpaka leo nikipita karibu na ukumbi ule nainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha kitu, na hasira bado zinanipanda, kwa hiyo mkiona midomo inatetemeka niacheni nimalize.

Walikuja wasomi wa nchi nyingi kuzungumzia miji ya kale, na safari hiyo wakaichagua Morogoro yetu, kwa ajili ya reli, boma la Wajerumani na zile nyumba za zamani za wafanyabiashara pale mjini. Nyumba hizo nilizitafiti mimi. Mimi! Nimepima kuta, nimepanda Uluguru hadi vijiji vya misheni kuwatafuta wazee ambao baba zao walizijenga, nimeamkia shikamoo mpaka koo likakauka. Bosi wangu, Daktari Lukosi, hata Bigwa, hapo chini tu ya mlima, hajawahi kufika kwa miguu.

Asubuhi fundi mitambo alinibandika kipaza sauti kidogo kwenye kola ili akijaribu. Kikakubali, nami nikaamua nisikivue, maana msemaji wa kwanza ni mimi (uamuzi mdogo hivyo ndio ulioniponza). Mara Daktari akanivuta pembeni.

"Rehema, mada nitaisoma mimi. Wageni wanataka jina kubwa. Wewe simamia chai."

Chai!

"Sawa, Daktari," nikamjibu (ndiyo, nilisema sawa), nikatoka mbio mpaka chooni nyuma ya ukumbi, nikampigia dada yangu.

"Dada, huyu mzee mwizi! Kazi yangu anaisoma yeye, na haijui kichwa wala miguu! Akipanda ngazi za ofisi tu anahema kama ng'ombe, leo ndiye mtafiti wa milimani! Na wageni nao wanatafuna sambusa tu, yule profesa wa Senegali na kilemba chake kama keki ya harusi anamchekea mwizi!"

"Rehema," dada akasema, "mbona nasikia mwangwi?"

Hata mimi nikausikia. Sauti yangu ilikuwa inatoka ukumbini. Fundi alikuwa amefungua kipaza changu, akidhani ni mimi ninayepanda jukwaani.

Nikarudi mbio ukumbini. Daktari amesimama na karatasi zangu mkononi, wenyeji wamejiziba nyuso, na wakalimani wa Kiingereza na Kifaransa (watu waaminifu kupita kiasi!) wako kwenye kibanda chao wanamalizia kutafsiri. Wa Kifaransa alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye keki.

Yule profesa akavua visikilizi, akashika kilemba chake taratibu, akasema kitu. Mkalimani akakohoa. "Profesa anauliza, keki ya harusi ya nani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Na anauliza tena: kazi hii ni ya nani?"

"Ni kazi ya idara," Daktari akadakia.

Idara! Idara ndiyo iliyonyeshewa na mvua mlimani? Nikapiga kelele pale pale mlangoni: "Ni yangu!" Profesa akaashiria nije mbele, akamwomba Daktari ampishe mwenyewe, nami nikasoma mada yangu kwa sauti ya mtu anayegombana, huku jasho linanitiririka.

Msinipongeze. Mkataba wangu haukuongezwa, na kitabu cha mkutano kilipotoka, jina la kwanza lilikuwa la Daktari Lukosi. Nikikiona nataka kukichana. Lakini kinachonikosesha raha zaidi ni jioni ile, nilipomfuata profesa kumwomba radhi. Hakunigombeza. Aliniambia tu, kupitia kwa mkalimani, kwamba kilemba kile kilikuwa cha marehemu mama yake, na hukivaa akiwa na shughuli kubwa ili wawe wote.

Mwizi nilimjibu "sawa" machoni pake, halafu mtu pekee aliyesimama upande wangu ndiye niliyemtukana, tena kwa lugha tatu. Sirudii. Siku hizi mtu akinidhulumu namwambia yeye, usoni, hapo hapo, na kama ni kufukuzwa nifukuzwe.