Viatu vya Chumba Namba Tano

Kazini walimwita Afande Soksi, kwa sababu hakuwahi kuingia na viatu katika chumba alimofia mtu. Alivivua mlangoni, akavipanga sambamba, ndipo akaingia. Wenzake walipomcheka alisema viatu vya askari vinaharibu ushahidi kuliko vya muuaji, kisha akaendelea na kazi. Alikuwa mjane, amepanga chumba kimoja, na chakula cha jioni alikula kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki. Mahali pengine pa kuita nyumbani hakuwa napo.

Asubuhi hiyo aliitwa kwenye gesti moja nyuma ya stendi, ya aina ile ambayo wageni hulipia kwa saa na wote hujiandikisha kuwa wafanyabiashara. Chumba namba nne, mfanyabiashara wa kweli, muuza mbao, alikuwa amenyongwa kwa waya wa pasi. Mkuu wa upelelezi alikwisha kumtia pingu mlinzi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Mlinzi alijitetea kwamba kelele zilipotoka namba nne yeye alikuwa mlangoni pa namba tano, akimwomba mgeni apunguze redio. Namba tano aligongewa. Akajibu kwa ndani kwamba alilala fofofo, hajamwona mlinzi yeyote.

Afande Soksi alipima, akaandika, akatoka. Mwenye gesti ndiyo kwanza alikuwa amepaka sakafu rangi, hivyo kila mgeni aliacha viatu nje ya mlango wake. Huku akiwaza, Afande aliingiza miguu kwenye viatu na kutembea hadi mwisho wa korido. Vilimkaa vizuri mno. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande wa nje, kama anavyokanyaga yeye. Akatazama chini. Vilikuwa viatu vyake vya zamani, alivyompa shemeji yake, mume wa dada, mwaka uliopita. Vyake vya sasa vilikuwa bado mlangoni pa namba nne; hivi alikuwa amevivaa mlangoni pa namba tano.

Alirudi, akagonga namba tano.

"Shemeji, fungua."

"Shemeji gani?"

"Huyu aliyevaa viatu vyako."

Mlango ukafunguka. Kitandani palikuwa na mtu aliyejifunika shuka gubigubi, na Afande hakuuliza ni nani. Shemeji, ambaye nyumbani aliaga kwamba anakwenda msibani, alikiri upesi: mlinzi alikuwa pale, walibishana kuhusu redio, na kelele zilitoka wakiwa wanatazamana. Kisha akaanza kubembeleza. Aandikwe tu kuwa ni mgeni fulani. Dada akijua, nyumba imevunjika, na yeye Afande atakula wapi?

Afande akageuka. Kwenye korido mlinzi alikuwa ameketi sakafuni, mikono imefungwa nyuma, akijaribu kujikuna pua kwa goti.

"Utaandika jina lako kamili," Afande akasema. "Redio ilikuwa inasema nini?"

"Mpira."

"Matokeo?"

"Tulifungwa."

Akaandika na hilo.

Mlinzi aliachiwa siku hiyohiyo, na baadaye akakamatwa mbia wa marehemu, viganja vyake vikiwa na alama za waya. Afande alikwenda mwenyewe kwa dada yake, kabla majirani hawajamtangulia. Dada alimsikiliza huku akichambua mchele.

"Alikuwa na nani?"

"Hilo halihusiani na kesi, dada."

"Kwenu. Kwangu ndiyo kesi yenyewe."

Hakulia, wala hakuinua sauti. Jioni nguo za mume zilikuwa nje ndani ya mfuko wa salfeti, na mume alipouliza aende wapi, aliambiwa aende kwa aliyemfumania. Afande naye aliambiwa asije kula mpaka hasira zipoe. Zikipoa, ataitwa.

Sasa ni chumba kimoja cha Afande, kitanda kimoja, wanalala mzungu wa nne, miguu ya mmoja kichwani pa mwenzake. Shemeji ndiye anayepika, na anaunguza. Afande hula hivyohivyo. Simu ikilia, wote wawili huacha kutafuna.