Posho Badala ya Dhahabu

Dhahabu iliuharibu mchezo wetu mapema, na wa kulaumiwa ni mji huu.

Ni mchezo wa mezani. Kila mchezaji anajitungia shujaa, anaandika nguvu na mali yake kwenye karatasi, na mwendesha mchezo anawasimulia yanayowakuta njiani: mapango, majoka, wafalme wakorofi. Mwendesha mchezo nilikuwa mimi, karani wa mahudhurio katika kiwanda kimoja hapa Likasi, mji wa migodi ya shaba. Wachezaji walikuwa watatu, na walikuja kwangu, mtaa wa Panda, kila Jumapili baada ya misa: mwalimu aliyepata kanuni za mchezo kwenye simu yake, kwa Kifaransa, fundi wa kuchomelea vyuma, na muuguzi wa zahanati ya jirani. Dadu hatukuwa nazo. Tuliandika namba kwenye vizibo ishirini vya chupa, tukavitia katika kopo la maziwa ya unga, na kila mtu akachomoa bila kuchungulia.

Kwa kanuni zile, shujaa akishinda anapewa dhahabu. Basi siku ya kwanza nikawaingiza pangoni, nikawaonyesha joka limelala juu ya lundo la sarafu, nikangoja waogope. Fundi akainua mkono.

"Yaya, hii mawe ya ku mur iko na teneur gani?"

Yaya, yaani kaka mkubwa, ndivyo walivyoniita wote; alitaka kujua jiwe la ukutani lina madini kiasi gani. Nikamjibu kwamba ni mawe tu.

"Mawe tu? Apana, yaya. Hakuna mawe tu."

Jumapili mbili zilizofuata hawakupigana na yeyote. Waliliacha joka na usingizi wake, wakaajiri wachimbaji, wakagombana juu ya lori, ingawa nilikwisha kuwaambia kwamba katika nchi ile malori hayapo. Jumapili ya tatu mashujaa wote walikuwa matajiri, na mwalimu akasema, kwa adabu zake zote, kwamba haoni tena sababu ya kutoka nyumbani kwenda kuhatarisha maisha.

Nilicheka nao, lakini niliogopa. Watu wale watatu ndio pekee waliogonga mlango wangu. Ukoo wetu ni wa Kasaï, mkoa wa mbali. Babu aliletwa huku kufanya kazi ya shaba, na ndugu wengi walirudi kule nikiwa mtoto. Baba alikataa kwenda. Sasa yeye na mama wamezikwa hapa, na mke wangu alinichoka, akaenda kwa dada yake Lubumbashi, akabaki huko. Mchezo ukifa, Jumapili zangu zingekuwa za kusikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Hayo sikumwambia mtu. Nina kiburi, na hakipungui kwa umri.

Nikaitupa dhahabu, nikaweka posho. Nilimkumbuka baba: enzi zake kampuni ya shaba iliwapimia wafanyakazi unga, maharagwe na samaki wakavu, na ilipima kwa midomo. Mwenye watoto tisa alirudi amebeba gunia begani, na kapera alirudi na kifuko kwapani, watu wakimtania njia nzima. Kwangu ikawa hivyo hivyo. Shujaa akitoka safarini, ghala la mfalme linampimia kulingana na idadi ya wanaokula nyumbani kwake. Posho haihifadhiki, inayobaki inaoza, kwa hiyo inapelekwa kwa jirani. Na kila anayekula kwako anaweza kukuita mara moja tu unapokata roho porini, nawe ukainuka.

Fundi nilimfahamu. Angejiandikia wake arobaini siku hiyo hiyo. Nikaongeza sharti: humwandiki mtu mpaka yeye mwenyewe atamke kwamba hana pa kula.

Mchezo ukafufuka, ukadumu karibu miaka miwili. Fundi yule yule wa teneur alisimama kwa kila ombaomba. Mwalimu akamchukua adui yake wa zamani, wakawa wanakula kimya. Muuguzi alijaza karatasi mbele na nyuma: kikongwe kipofu, askari watatu waliotoroka vita, hata jike la joka lililofiwa. Wenye njaa wote hao niliwasemea mimi. Kwa sauti nyembamba, kwa sauti nene, kwa kikohozi, Jumapili baada ya Jumapili nilisema sina pa kula, nichukue, nao wakanichukua. Walipokwisha kwenda niliosha vikombe.

Kisha fundi akapata kazi Kakanda. Mwanzoni alikuja mara moja kwa mwezi, halafu akawa anatuma salamu. Mwalimu akahamia shule za Mulungwishi. Muuguzi aliendelea kuja peke yake Jumapili nne, na ya nne alikuja amevaa nguo za safari. Mume wake alikuwa amepata kazi Kolwezi.

"Yaya, tumalize paka hii moya," akasema, yaani mchezo huu mmoja tu. "Bwana atanipitia na motokari."

Tukacheza. Shujaa wake alikuwa akirudi nyumbani kwa njia tulivu, na sikumwekea hatari yoyote. Nikasimamisha mtu kando ya njia. Nikafungua kinywa ili nitafute sauti ya mtu huyo, sikuipata, nikasema kwa sauti yangu.

"Sina pa kula. Nichukue."

Akaniangalia. Penseli ilikuwa tayari mkononi.

"Huyu ni nani, yaya?"

Swali lilikuwa rahisi, na jibu nilikuwa nalo. Nilitaka sana kulisema. Nikaona haya ya kitoto, mtu mzima mwenye mvi.

"Muzee moya," nikasema. "Iko anapita tu."

"Muzee moya," akarudia taratibu, akiandika. "Iko anapita. Tutamupa kiti karibu na moto."

Honi ikalia nje. Akakunja karatasi, akaitia mkobani, akanishukuru kwa mikono miwili, akaenda nayo Kolwezi.

Jumapili iliyofuata nilisali misa ya kwanza, na ya pili ilipoanza nilikuwa bado nimekaa kwenye benchi lile lile.