Sifa za Bia ya Bwana Hollis

Huko Uvira, Kongo, Séverin alikuwa mwalimu wa hesabu, akivaa tai. Alipohamia Durban, Afrika Kusini, alivaa kizibao cha kung'aa na kulinda magari nje ya baa moja ya mtaa wa Glenwood. Kama hujawahi kusimama juani ukimwonyesha mwenye gari nafasi anayoiona mwenyewe, kisha ukasubiri aamue kama wewe ni mtu au nguzo, basi huijui kazi hiyo. Séverin aliijua vizuri na aliichukia kwa moyo wake wote. Alitaka jambo moja tu, kuingia ndani. Hata kuosha glasi, mradi juu ya kichwa chake kuwe na paa.

Mwaka 1998 mlango ukaonekana kufunguka. Mwenye baa, Bwana Hollis, Mwingereza mwenye uso mwekundu na roho isiyo mbaya, aliletewa bia chungu ya kwao iitwayo kwa Kiingereza pale ale. Huko kwao, alisema, inauzwa kila duka na mafundi bomba wanaikata kama maji. Hapa wateja hawakuelewana. Mzee mmoja Mwingereza alisema inamkumbusha nyumbani, lakini nyumbani kwenyewe alikukumbuka kwa chupa moja tu kwa wiki. Wanafunzi walisema inanuka soksi. Fundi magari wa mtaa wa Queensburgh alionja, akaitazama glasi, akasema, "Eish," akaisukuma kando.

Hollis akapata wazo. Akamwita Séverin, akampa kreti mbili. "Wapelekee watu wako," alisema. "Nataka kujua wanaionaje. Wakiipenda, kile chumba cha pembeni nitakifanya chao, na wewe utasimama kaunta."

Jumapili, baada ya ibada, Séverin aliwaalika marafiki, wahamiaji wenzake, chumbani kwake. Hapo ndipo alipoharibu, na sidhani kama angeweza kufanya vingine. Hakuwaambia kwamba bia ni ya Hollis wala kwamba anatafuta maoni. Utamwalikaje mtu kwako, umkalishe, halafu umwambie umemwita umpime ulimi? Alifanya kama ilivyofanywa nyumbani kwa baba yake. Alifungua kila chupa mbele ya mgeni wake, akammiminia kwa mkono wake, akangoja.

Dominiki, kinyozi, mtu wa maneno, ndiye aliyeanza. "Séverin, hii bière iko muzuri sana. Inashuka pole-pole, haichome."

"Na kichwa haitauma," alisema Libère, Mrundi mpole aliyefanya kazi kwenye duka la simu. "Inaonekana ni ya watu wakubwa."

Wengine wakaitikia. Séverin alifurahi mpaka akasahau kula. Wageni walipoondoka, mkewe Marcelline alianza kukusanya vikombe.

"Dominiki ameacha nusu," alisema. "Na huyu mwingine hakugusa."

"Walikuwa wameshiba," alijibu Séverin.

Kesho yake alimpelekea Hollis sifa zote, neno kwa neno, na kwa kuwa mwalimu haachi ualimu, alizipanga vizuri kuliko zilivyosemwa. Hollis akaagiza shehena nzima. Chumba cha pembeni kikapakwa rangi, na Séverin akasimama nyuma ya kaunta. Marcelline, aliyekuwa akisuka nywele saluni, aliwatangazia wateja wake wote kwamba siku hizi mume wake anafanya kazi ndani. Kizibao alikirithi Glody, kijana wa Bukavu, pamoja na kipande cha barabara.

Jumamosi ya kwanza watu walikuja kweli, wamependeza, na kila mmoja akaomba lager, bia nyepesi ya hapahapa, baridi. Jumamosi ya pili vilevile. Makreti ya pale ale yalipangwa ukutani mpaka yakaziba dirisha. Séverin alikuwa akiyapangusa vumbi asubuhi, roho imemshuka, kwa sababu alijua Hollis naye anayaona.

Mwishowe alimbana Dominiki. "Si ulisema iko muzuri?"

Dominiki alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini alisalimia. "Ndugu yangu, siku ile nilikuwa kwako. Ulinifungulia chupa na mukono yako. Ulitaka niseme nini, bière ya mwenye nyumba iko kama maji ya kuoshea sahani?"

"Ungesema ukweli."

"Ukweli mutu anasema ya bière yenye amelipa. Ungetuambia ni kazi, tungesema."

Séverin alijiona mjinga, tena mjinga aliyesoma.

Jumatatu, kabla baa haijafunguliwa, Hollis alimwita. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Séverin zaidi. Alitoa chupa kutoka kwenye kreti, akaifungua mbele yake, akammiminia kwa mkono wake mwenyewe, akamsogezea glasi.

"Wewe binafsi sijawahi kukuuliza," alisema. "Niambie ukweli. Kama ni mbaya nitairudisha, tutafute nyingine watakayoipenda, na chumba kitabaki. Unaionaje?"

Séverin alionja. Ilikuwa chungu, vuguvugu, kama chai iliyolala. Alijua jibu linalotakiwa, ule ukweli. Alikuwa amelipanga kichwani tangu siku alipombana Dominiki. Lakini mwenye nyumba alikuwa ameketi mbele yake, chupa bado mkononi, akimtazama usoni.

"Ni nzuri, boss," alisema. "Nzuri sana."

Hollis aliiweka chupa mezani. "Basi huwezi kunisaidia," alisema, na akamweleza kwamba mwisho wa mwezi chumba kitafungwa, na kazi ya kaunta itaisha. Barabarani napo kuna Glody, hawezi kumfukuza.

Marcelline alipoingia jioni alimkuta mumewe ameketi kitandani na viatu miguuni. Séverin akamweleza yote, pamoja na lile alilomjibu Hollis. Alitegemea atukanwe, na alitaka atukanwe, maana matusi yangemwonyesha kwamba palikuwa na njia nyingine na yeye aliikosa kwa ujinga wake. Marcelline alikaa kando yake.

"Amekumiminia yeye mwenyewe?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe."

"Basi ungesema nini," alisema Marcelline. "Na mimi ningesema iko muzuri."